Sura Iliyovuka Mpaka

“Na malipo je?” aliuliza kaka mkubwa wa mgonjwa, kabla wageni hawajapata hata pa kuweka mikoba yao.

Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande wa mbele kulikuwa na viti vitatu, meza ya plastiki na mlango wa kuingilia kwenye kiduka kilichotazama barabara. Upande wa nyuma kulikuwa na kitanda, na kitandani alilala mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Mnadi. Kazi yake ilikuwa ndiyo hiyo, kunadi tumbaku kwenye ghala la mnada, akipita kati ya marobota na kuimba bei kwa sauti ambayo watu walisema ingeweza kuuza hata majani ya kufagia. Sasa sauti hiyo haikuwapo. Uvimbe ulikuwa umemziba njia ya hewa, madaktari wakamtoboa shingo na kumtia kibomba cha kupumulia. Akitaka kusema neno alilazimika kuziba tundu kwa kidole, na neno lilitoka likikwaruza, peke yake, kwa taabu.

Muuguzi, ambaye walimfahamu tangu wodini, alimtazama kaka mkubwa kwa subira. Pembeni yake aliketi daktari mmoja mwanamke, mgeni kutoka nchi jirani, amebana kamera mapajani.

“Hakuna malipo, mzee wangu,” alisema muuguzi. “Tukilipa, wenye viwanda watasema tumemnunua mgonjwa.”

“Kwa hiyo mnamchukua mtu sura yake bure, mwende kuibandika kwenye pakiti za sigara?”

“Kwa ridhaa yake.”

“Ridhaa! Mtu hana hata sauti, ridhaa ataitoa na nini?”

Nyuma ya pazia kitanda kililia. Kisha likasikika neno moja, limekwaruza vibaya.

“Ninayo.”

Mke wa Mnadi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni mwa duka ili awaone wageni na wateja kwa jicho moja, aliona haya kwa niaba ya shemeji yake. Lakini na yeye alikuwa na swali lake, na lilikuwa limemkaa kooni tangu wageni walipobisha hodi.

“Picha hiyo,” alisema, “itauzwa hapa mtaani?”

Ndipo daktari mgeni alipozungumza. Alieleza polepole, kwa adabu ya mtu aliye nyumbani kwa watu. Nchi zao zilikuwa zimetia saini mkataba mmoja, pamoja na nchi nyingine nyingi, wa kupunguza uvutaji. Walikuwa wanasaidiana. Moja ya mambo waliyokubaliana ni kupeana picha za wagonjwa za kuonya watu kwenye pakiti. Wagonjwa wa huku wangeonekana kule, na wa kule wangeonekana huku.

“Tumefanya hivyo makusudi, mama, ili asitokee mtu akaenda kununua sigara akakutana na jirani yake. Anayeonekana awe mgeni.”

“Kwa hiyo hakuna mtu wa hapa atakayemwona?”

“Ndiyo makubaliano yalivyo.”

Neno hilo, makubaliano, lilimtuliza. Mumewe alikuwa mtu wa kujipenda. Kwenye mnada alikuwa akivaa koti hata siku za joto kali, na kola iliyopigwa pasi. Tangu arudi kutoka hospitali hakuna jirani aliyevuka lile pazia. Waliokuja kumjulia hali, mkewe aliwapokea dukani, akawaambia mgonjwa ndiyo kwanza amepata usingizi, akawashukuru sana, wakaondoka na salamu zao. Mnadi ndiye aliyetaka hivyo. Kuumwa alikubali. Kuonwa ndiko alikokataa.

Mkewe aliingia nyuma ya pazia, akaketi ukingoni mwa kitanda.

“Wewe mwenyewe unataka?”

Mnadi alipandisha kidole shingoni.

“Majani yale,” alisema, akapumua, akaziba tena. “Nilikuwa nayasifia mimi.”

Hakuongeza kitu. Mkewe alimshika mkono. “Basi hakuna mtu wa mtaa huu atakayekuona hivi. Nakuahidi. Wakuone huko mbali wasikokujua.”

Alimtolea shati jeupe lenye kola na kumchana nywele, akampaka mafuta kidogo usoni ang’ae. Alipomaliza, daktari mgeni alitazama chini kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba samahani, shati lingebidi livuliwe, na leso ya shingoni pia, na kama inawezekana mafuta yale yafutwe. Mke aliyafuta mwenyewe, kwa upindo wa kanga. Kati ya yote ya siku ile, hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Miezi ilipita. Mnadi hakupona wala hakufa. Duka ndilo lililokuwa likiilisha nyumba, na ndani ya duka, sigara ndiyo iliyokuwa mguu wa meza. Sabuni, chumvi na mkate viliuzika, lakini faida yake ilikuwa ya kulamba kidole. Sigara watu walinunua asubuhi wakienda kazini, mchana wakiwa na njaa na jioni wakiwa na hasira. Mke wa Mnadi, mama mwenye duka, aliziuza mojamoja kutoka kwenye kopo la bati, na madereva waliotaka pakiti nzima aliwapa pakiti.

Ndiyo, alijua anachokiuza. Usiku na mchana alikuwa akisikia kile kibomba kikipiga mluzi nyuma ya pazia. Lakini chachi za kufungia shingo zilinunuliwa kwa sigara, dawa za maumivu zilinunuliwa kwa sigara, na nauli ya hospitali ilitoka kwenye kopo lilelile. Ukimuuliza angekujibu kwamba asipouza yeye atauza kinyozi wa upande wa pili, na angekuwa anasema kweli. Ila alikuwa hapendi kuulizwa.

Tangu pakiti zianze kuwekwa picha na kodi ya sigara ipande, biashara ilikuwa imelegea kidogo. Ndipo alipotokea kijana mmoja wa pikipiki, mcheshi, mwenye ulimi wa asali, ambaye wenye maduka walimbandika jina la Bei Poa. Alileta sigara zilizovushwa mpaka bila kulipiwa ushuru. Zilikuwa za chapa ileile na ladha ileile, kwa bei iliyomfanya mtu acheke peke yake. Pakiti zake zilikuwa na picha pia, tena za kutisha, lakini wateja hawakuzijali. “Hawa wagonjwa wa ng’ambo hatuwajui,” walitaniana, “waugue salama.”

Na mama mwenye duka ndiye aliyemtambulisha Bei Poa mtaani. Alimzungusha mwenyewe, duka kwa duka, akawaambia wenzake kijana ni mwaminifu. Kwa hisani hiyo Bei Poa alimpunguzia bei kila mzigo ulipoingia. Wakati wote huo haikumjia akilini kwamba zile pakiti zilikuwa zinatoka kulekule ilikopelekwa picha ya mumewe. Aliufikiria mpaka kama ukuta, na huku kila wiki alikuwa anapokea mizigo iliyoupita.

Kaka mkubwa alikuja asubuhi moja bila hodi. Alisimama mbele ya dirisha la duka, akatoa kitu mfukoni na kukiweka juu ya mbao. Ilikuwa pakiti tupu, imebonyea, ina tope.

“Shemeji, huyu ni nani?”

Hakuhitaji kuishika. Shingo ile aliiosha kila siku. Macho yale yalikuwa yakimtazama kwa ule utulivu aliokuwa nao siku ya picha, na chini yake kulikuwa na maandishi mekundu: *Uvutaji ulichukua sauti yangu.*

“Umeipata wapi?”

“Kituo cha magari. Nimemwona mdogo wangu mkononi mwa mlevi. Amemkunja mbele yangu, akamtupa mtaroni. Ikabidi niiname nimwokote, watu wananitazama kama chizi.” Aliifuta tope kwa kidole gumba. “Nilisema mimi. Nilisema siku ileile. Mkaniona mzee mpenda hela.”

“Wametudanganya,” alisema mama mwenye duka. “Walisema kule tu. Naenda hospitali sasa hivi, yule muuguzi atanieleza.”

Alikuwa tayari ameanza kufungua kanga aliyojifunga kiunoni ili ajitande. Lakini kaka mkubwa aliigeuza pakiti na kumwonyesha ubavuni, penye muhuri wa ushuru. Hapakuwa na muhuri wa serikali yao. Palikuwa na wa nchi jirani.

Mama mwenye duka aliinama chini ya meza. Mzigo ulioletwa juzi ulikuwa pale, katoni mbili, hata moja haijafunguliwa. Aliichana ya juu. Sura ya mumewe ilimtazama mara kumi, safu kwa safu. Akaichana ya chini yake. Mara kumi nyingine.

“Si wao,” alisema akiwa bado ameinama. “Ni mimi.”

“Wewe vipi?”

“Ni mzigo wa Bei Poa. Mimi ndiye niliyemleta. Maduka yote ya hapa yanazo.”

Kaka mkubwa alitazama pazia lililoonekana kwa ndani, akauliza kwa kunong’ona, “Anajua?”

“Hajui. Na hatajua.”

Alichukua hela zote za kwenye droo, na zile za hospitali zilizokuwa ndani ya mto wa kiti, akamwachia shemeji yake mgonjwa, akafunga duka mchana kweupe na kutoka na kapu.

Duka la kwanza lilikuwa la msichana aliyeuza vocha na sigara. Alipoulizwa kama ana za Bei Poa, alizitoa zote na kuzipanga mbele yake zikiwa zimegeuzwa kifudifudi. Hakutaka pesa.

“Tangu jana nimezigeuza, mama. Niliogopa kukwambia. Nikadhani labda mmelipwa.”

“Hatujalipwa.”

“Basi chukua tu.”

Mama mwenye duka aliziweka kapuni bila kumtazama. Kwa hiyo tangu jana. Jana yote alikuwa akiwauzia watu mkate na kuwasalimia, na wote walikuwa wakijua.

Duka la pili alizuga kwamba amepata mteja wa jumla, akauziwa kwa bei ya kawaida na mwanamume aliyejikuna kichwa muda wote. La tatu lilikuwa la kinyozi, aliyekuwa akinyoa mtu mmoja huku wawili wakingoja. Kinyozi alimsikiliza, mashine ikinguruma mkononi.

“Zipo,” alisema. “Lakini leo zinatafutwa, dada yangu. Bei imepanda.”

“Imepanda tangu lini?”

“Tangu ulipoingia.”

Mmoja wa waliokuwa wakingoja alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka, akajidai anakohoa. Mama mwenye duka hakubishana. Alihesabu hela za hospitali mbele yao, na kinyozi alizipokea kwa mkono wenye nywele za watu, akazihesabu tena.

“Pole na mgonjwa,” alisema alipomkabidhi mzigo. Na ajabu ni kwamba alimaanisha.

Alirudi kapu limejaa. Uani, nyuma ya chumba, palikuwa na pipa lililokatwa la kuchomea taka. Alimimina pakiti zote humo, pamoja na za katoni zake mbili, akanyunyiza mafuta ya taa na kuwasha. Alitaka tu asiione tena sura ile ikimtazama. Hakufikiria upepo, wala dirisha la kitanda, wala alichokuwa anakichoma hasa. Tumbaku kavu ilishika moto kwa pupa na kutoa moshi mzito, ukapanda, ukagonga paa la bati, ukainama na kuingia ndani.

Alisikia kibomba kwanza. Kilipiga mluzi mkali, kisha kikanyamaza.

Alimkuta Mnadi ameketi, mikono imeshika fremu ya kitanda, macho yamemtoka. Makohozi yalikuwa yameziba. Alifanya alivyofundishwa wodini, akichomoa kile kibomba cha ndani na kukisafisha kwa maji huku midomo ikimwita Mungu. Alipokirudisha, alifunga dirisha na kumpepea kwa mfuniko wa ndoo. Kaka mkubwa alikuwa nje akimwaga maji kwenye pipa. Pumzi ya kwanza ilipopita, mama mwenye duka alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekaribia kuua kwa mkono wake.

Mnadi alisubiri hadi kifua kilipotulia. Kisha akatelemsha miguu, akaegemea ukuta, akaenda mwenyewe mpaka mlango wa uani. Ndani ya pipa, kati ya majivu yaliyolowa, pakiti nyingi zilikuwa zimeungua nusu. Katika nyingine lilibaki paji la uso. Katika nyingine ilibaki shingo peke yake, na lile tundu.

Alitazama kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia mkewe, naye akamweleza yote, tangu Bei Poa hadi kinyozi, bila kujipunguzia. Kaka mkubwa alijaribu kumtetea, akaonyeshwa kiganja.

“Uliahidi,” alisema Mnadi.

“Niliahidi.”

Alirudi kitandani na kugeukia ukuta. Hakula mchana. Chai ilipoa kwenye kigoda. Mama mwenye duka aliketi upande wa pili wa pazia, duka limefungwa, akisikiliza watu wakigonga dirisha na kuondoka. Alikuwa tayari kutukanwa. Kimya kile kilimshinda.

Jua lilipoanza kushuka, alisikia fremu ikigongwa. Aliingia.

“Wameniona?”

“Wamekuona, mume wangu.”

“Nani?”

“Kila anayevuta.”

Mnadi aliondoa kidole, akapumua mara kadhaa. Alionekana kama mtu anayepiga hesabu ya maneno aliyobakiwa nayo.

“Kesho nitoe. Nikae dukani.”

“Ukae dukani hivyo?”

“Hivi.”

Kaka mkubwa aliinuka kitini. “Ndugu yangu, usijidhalilishe. Ngoja wasahau. Watu husahau upesi.”

“Wao wameniona mimi,” alisema Mnadi. Ilimbidi apumzike katikati. “Mimi bado kuwaona wao.”

Mkewe alikaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, akasema lile ambalo lilikuwa likimla tangu asubuhi, na alilisema kwa hasira. “Ukikaa pale hakuna atakayenunua sigara. Na hela za hospitali nimempa kinyozi. Hilo umelifikiria? Chachi zitatoka wapi? Tutakula nini?”

Kidole kilipanda taratibu mpaka shingoni.

“Sijui,” alisema.

Lilikuwa jibu la kweli, wala hakujaribu kulipamba. Akamwekea mkono kichwani. Walibaki hivyo mpaka giza likaingia chumbani, na kaka mkubwa akatoka kimyakimya na kuvuta mlango.

Asubuhi mkewe alimwosha, akamvisha fulana safi, akafungua dirisha la duka na kumwekea kiti pale pale ambapo wateja huegemea kiwiko. Leso ya shingoni aliishika mkononi, akamtazama. Mnadi alitikisa kichwa. Mkewe akaitundika msumarini.

Wa kwanza kupita alikuwa msichana wa vocha. Alisalimia kwa heshima akiwa anatembea, akajikwaa, akaendelea. Wa pili alikuwa mama wa jirani aliyetaka sabuni. Alianza kulia hapo hapo. Mnadi akamwonyesha kwa mkono kwamba apunguze, sabuni ingelowa. Mama wa jirani akacheka huku machozi yakimtoka. Mama mwenye duka aliona mabega ya mumewe yakishuka kidogo, na akajua kwamba hofu kubwa zaidi imekwisha kupita.

Kisha akaja mwashi. Alikuwa kijana bado, mikono imekauka saruji, mwenye haraka ya kuwahi kazini, na kila siku alinunua kitu kilekile. Nyuma yake walikuwa wamejipanga watatu au wanne, wengine wa kazi yake.

“Shemeji, zile zangu mbili,” alisema akitafuta sarafu mfukoni, na alipoinua uso ndipo alipomwona aliyeketi.

Mwashi aliitazama shingo, akaondoa macho, akayarudisha. Kibomba kilipiga mluzi mwembamba, kikapokea hewa, kikairudisha.

“Kaka, habari za asubuhi.”

Mnadi aliinamisha kichwa.

Mwashi hakuondoka. Sarafu alikuwa ameishika kati ya vidole viwili, haiko mfukoni wala haiko juu ya mbao. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, swali la mtu anayetaka kuambiwa kwamba yeye ni tofauti.

“Kaka, samahani. Wewe ulikuwa unavuta ngapi kwa siku?”

Mnadi aliinua kidole, akaziba tundu, akavuta nguvu.

“Nilianza na mbili.”

Kopo la bati lilikuwa mbele ya mama mwenye duka, limejaa, na mkono wake ulikuwa juu ya mfuniko. Alifikiria chachi. Alifikiria nauli. Alimtazama kijana yule mwenye saruji kucha zote, ambaye alikuwa anamngojea yeye sasa, si Mnadi.

“Kuna mkate, kuna sukari,” alisema. “Nikupe nini, shemeji?”

Na kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara, aliomba moyoni mteja aondoke mikono mitupu.